Jaketi la rubani la A-2: nichukue saizi 40 au 42?

Mkazi wa Njombe

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Naomba msaada wa mtu yeyote aliyewahi kununua au kushona jaketi la ngozi la marubani wa kijeshi, hasa lile la Marekani linaloitwa A-2, ambalo wanajeshi wao wa anga walilivaa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sitafuti lililotoka vitani lenyewe, kwa sababu bei yake siiwezi, na ngozi ya miaka themanini si kitu cha kuvaa kila siku. Ninachotaka ni nakala mpya iliyoshonwa kwa kufuata pateni ya zamani. Nimedunduliza fedha kwa miaka miwili. Shemeji yangu anayeishi Uingereza atakuja likizo mwezi wa Desemba na amekubali kulipokea na kuja nalo, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu, kwa maana likishafika Njombe halina njia ya kurudi dukani.

Vipimo vyangu ni hivi: urefu sentimita 178, kifua 100, tumbo 92, na mkono nimeupima ukawa 85. Jedwali la duka linasema kwamba saizi 40, likiwa limelazwa mezani, lina sentimita 54 kutoka kwapa hadi kwapa, 46 kutoka bega hadi bega, mkono 63 na mgongo 63. Saizi 42 lina 56 na nusu kwapani, 47 na nusu mabegani, mkono 64 na mgongo 64 na nusu. Kwa macho yangu yote mawili ni mafupi mno. Mkono wangu wa 85 utaingiaje kwenye mkono wa jaketi wa 63? Na koti langu la kila siku lina mgongo wa sentimita 74.

Naeleza haya yote kwa sababu nimeshaungua mara moja. Miaka minne iliyopita niliagiza jaketi la ngozi kwa kukisia, nikachukua kubwa makusudi ili sweta nzito iingie ndani, maana baridi ya Juni na Julai huku kwetu si ya kufanyia mzaha. Lilipofika, mishono ya mabega ilianguka chini ya mfupa karibu vidole vitatu, na kila nilipofunga zipu ngozi ilituna kifuani kama gunia lililojazwa nusu. Nilimpelekea fundi, akaligeuza ndani nje, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia bila kuligusa. Mwishowe nilimpa mpwa wangu, ambaye ni mnene kuliko mimi. Sitaki kurudia kosa hilo, lakini pia naogopa kuangukia upande wa pili na kupata jaketi ambalo sitaweza kuinua mkono nikiwa nalo.

Mkusanyaji wa Leeds

Ndugu yangu wa Njombe, karibu. Nimevaa na kukusanya majaketi haya kwa muda mrefu, na nafurahi umeuliza kabla ya kulipa.

Naomba kwanza uisahau namba ya saizi. A-2 lilipitishwa rasmi mwaka 1931 kuchukua nafasi ya A-1 la mwaka 1927, lililokuwa na vifungo mbele na ukosi wa sufu. Mchoro wa jeshi ulikuwa mmoja, namba 30-1415, lakini kazi ya kushona iligawiwa viwanda vingi: Aero Leather wa Beacon, New York, Rough Wear wa Middletown, Pennsylvania, Dubow wa Chicago, Perry Sportswear wa Newburgh, na wengine kadhaa. Kila kiwanda kilikata pateni yake kwa namna yake, wengine wakaweka ukosi juu ya kipande cha kuusimamishia shingoni na wengine wakaushona moja kwa moja, na ndiyo maana 40 la kiwanda kimoja linaweza kubana mahali ambapo 40 la kiwanda kingine linapwaya. Watengenezaji wa leo walio makini, kama Eastman wa Devon au Buzz Rickson's na The Real McCoy's wa Japani, wanaiga hata tofauti hizo, na hulitaja jaketi kwa jina la kiwanda cha zamani walichokinakili. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ana kifua kama chako na alichukua 40, muulize kwanza: 40 la nani?

Kuhusu mgongo, usilinganishe na koti lako la 74. A-2 limekusudiwa kuishia kiunoni. Mkanda wa sufu iliyofumwa ulio chini yake unatakiwa kukaa juu ya mkanda wa suruali, na suruali za askari wa wakati ule zilivaliwa juu, karibu na kitovu. Vijana wengi wa leo huvaa jinzi zinazoning'inia kwenye nyonga, kisha hulalamika kwamba jaketi ni fupi na shati linaonekana. Hapo jaketi halina kosa, suruali ndiyo imeshuka. Ukivaa suruali ya kitambaa inayokaa kiunoni, sentimita 63 kwa mtu wa kimo chako zitatosha. Mtu anayechukua saizi kubwa ili aongeze urefu huambulia sentimita moja na nusu tu za mgongo, kama jedwali lako lenyewe linavyoonyesha, na kwa ajili ya hiyo sentimita moja na nusu hubeba sentimita tano za ziada kifuani.

Sasa fanya hesabu ya kifua. Zidisha kipimo cha kwapa kwa kwapa mara mbili, kisha toa kifua chako. Saizi 40 linakupa 108, yaani nafasi ya sentimita 8. Saizi 42 linakupa 113, nafasi ya 13. Kwa jaketi la aina hii, nafasi ya sentimita 8 hadi 12 ndiyo inayofaa mtu anayevaa shati na sweta nyepesi ndani, na chini ya 8 utaanza kuona zipu ikivutwa pembeni unapovuta pumzi. Kwa hiyo 40 limo ndani ya kipimo, ingawa liko ukingoni, na 42 limeshavuka kidogo.

Kumbuka pia kwamba jaketi hili halikuwa nguo ya baridi kali. Lilivaliwa juu ya shati na tai, na mara nyingi mikanda ya parachuti ilifungwa juu yake, katika ndege ambazo nafasi ya kugeuka ilikuwa finyu. Kwa baridi ya juu angani walikuwa na mavazi mengine, kama B-3 la ngozi ya kondoo yenye manyoya ndani. Ukitaka kuingiza sweta nzito ndani ya A-2 unaliomba kazi ambayo halikupewa tangu mwanzo.

Tahadhari moja ya mwisho. Mwaka 1943 jeshi liliacha kuagiza majaketi haya na kuhamia kwenye ya kitambaa, lakini Jeshi la Anga la Marekani lililirudisha A-2 mwaka 1988, safari hii kwa ngozi ya mbuzi na kwa mkato mpana zaidi. Maduka mengine huuza mkato huo wa pili kwa jina lilelile. Hakikisha unajua ni upi, kwa sababu ushauri wangu wote hapo juu unahusu mkato wa vita.

Fundi wa ngozi, Nairobi

Kaka, mimi ni mwanamke ninayeshona na kurekebisha ngozi hapa Nairobi, na kabla hatujafika kwenye saizi naona tatizo katika kipimo chako cha mkono. Sentimita 85 si mkono kutoka begani. Bila shaka uliweka tepu kwenye mfupa wa nyuma ya shingo, ukapita juu ya bega, ukashuka hadi kifundo cha mkono. Hivyo ndivyo wanavyopima mashati ya ofisi. Jedwali la duka limepima kuanzia mshono wa bega hadi mwisho wa sufu ya mkononi. Toa nusu ya upana wa mabega, ambayo ni kama 23, utabaki na 62. Mkono wa jaketi wa 63 haukupungukii kitu. Na usitamani urefu zaidi ya huo kwa sababu tu unasimama mbele ya kioo mikono ikiwa imenyooka: baada ya wiki chache za kuvaa, ngozi hujikunja kwenye kiwiko na mkunjo huo haufunguki tena, hivyo mkono hupanda sentimita moja, wakati mwingine mbili. Sufu inatakiwa ikae kwenye kifundo na isifike kwenye kiganja, na ngozi iliyo juu yake itune kidogo tu.

Fundi wako wa Njombe alikuwa mwungwana. Wengi wangechukua fedha yako na kuanza kufumua. Nitaeleza kwa nini hakuligusa, kwa sababu jambo hili wateja wangu wengi hawalijui hadi wameshaumia. Kitambaa ukikifumua, ukikilowesha na kukipiga pasi, matundu ya sindano hufunga. Ngozi haifungi. Kila tundu lililopigwa na sindano linabaki milele, na ukishona mstari mpya pembeni mwa ule wa zamani, ngozi iliyo kati ya mistari miwili hudhoofika kama karatasi ya stempu. Kwa hiyo katika jaketi la ngozi tunaweza kupunguza, ile mistari ya zamani ikiingia ndani ya mshono mpya na kufichwa, lakini kuachia hatuwezi, maana hakuna ngozi ya ziada iliyokunjwa ndani kama ilivyo kwenye suti, na hata ingekuwepo matundu yangeonekana nje.

Mkono ukiwa mrefu naufupisha bila shida: nafumua sufu, nakata ngozi kiasi kinachotakiwa, narudisha sufu pamoja na bitana. Kiuno kikilegea nabadilisha sufu ya chini. Ubavu naweza kupunguza sentimita moja au mbili kila upande, ingawa mfuko wa mbele wa A-2 uko karibu na mshono wa ubavu na ukizidisha jaketi linapinda. Bega silipunguzi. Pale juu wanakutana mkono, mgongo, kifua na ule ukanda wa begani wa kijeshi, yote kwa ngozi, na ukikifungua kiungo hicho unashona jaketi upya. Kwa hiyo chagua kwa bega, na mengine tutayazungumza.

Fanya hivi. Chukua jaketi au koti lolote ulilo nalo ambalo mabega yake yamekukaa vizuri kabisa, lifunge zipu au vifungo, lilaze juu ya meza ngumu wala si kitandani, linyooshe kwa viganja bila kulivuta. Pima kutoka mshono wa bega hadi mshono wa bega kwa mgongoni, kisha sentimita mbili na nusu chini ya kwapa kutoka upande hadi upande. Pima mara tatu, siku mbili tofauti. Ukipata namba ileile mara zote, ndipo uiamini. Usipime mwili wako peke yako, kwa maana mtu akijipima hutanua kifua bila kujua.

Dereva wa pikipiki, Mbeya

Naheshimu waliotangulia, lakini kwa hili la 40 naomba kutofautiana nao. Mimi nina A-2 la ngozi ya farasi, na nililichukua kwa hesabu hizohizo za nafasi ya sentimita 8. Nikiwa nimesimama, kila mtu ananisifu. Nikipanda pikipiki na kunyoosha mikono kushika usukani, mgongo unavutwa hadi nahisi mishono ya makwapa inalia, mikono ya jaketi inapanda na kuacha vifundo wazi, na nyuma upepo wa Uyole saa kumi na mbili asubuhi unaingia moja kwa moja kiunoni. Kama ningerudishiwa nafasi, ningechukua saizi moja juu. Ndugu yetu wa Njombe yuko kwenye baridi kama yangu, na hajasema kama atakuwa anatembea kwa miguu au anaendesha. Afadhali jaketi linalopwaya kidogo kuliko linalokufunga kama bandeji.

Mkusanyaji wa Leeds

Ndugu wa Mbeya, unachokisema ni kweli na nilipaswa kukitaja mimi mwenyewe. Ila tiba uliyopendekeza siikubali, na nitaeleza sababu.

Mgongo wa A-2 ni kipande kimoja cha ngozi, hauna rinda lolote. Mikono ikienda mbele, mgongo hauna mahali pa kupata upana wa ziada, kwa hiyo unavuta kutoka makwapani na kutoka kiunoni. Ukichukua saizi kubwa unapata upana huo mbele na ubavuni, mahali usipouhitaji, na kwapa linashuka chini zaidi. Kwapa lililoshuka ndilo linaloinua jaketi zima unapoinua mkono. Nina jaketi la aina hiyo kabatini, kubwa kwa saizi moja, na nikinyoosha mikono linapanda kuliko lile linalonikaa sawasawa. Jaribu siku moja kuazima la mtu mkubwa kuliko wewe, utaliona hilo.

Kwa mtu anayeendesha pikipiki kila siku, ningemshauri aliache A-2 na aangalie G-1 la Jeshi la Majini la Marekani. Hilo ni la ngozi ya mbuzi, lina ukosi wa manyoya, na nyuma ya kila bega lina rinda linalofunguka mikono inapokwenda mbele na kujifunga inaporudi. Marinda yale yaliwekwa kwa ajili ya shida hiyohiyo unayoipata ukiwa juu ya pikipiki.

Hata hivyo, nakubaliana nawe kwamba asilipime akiwa amesimama tu. Shemeji atakapolifikisha, ndugu wa Njombe alivae na shati analolivaa kila siku, afunge zipu hadi juu, aketi kwenye kiti, anyooshe mikono kama aliyeshika usukani wa gari, kisha ajikumbatie. Ngozi mpya ya farasi itakuwa ngumu na italia, na hiyo si dalili ya kubana. Dalili ya kubana ni mshono wa bega kupanda kuelekea shingoni, au vidole kushindwa kupita kati ya kwapa na ngozi. Picha za askari wa wakati ule zinaonyesha wengine majaketi yakiwapwaya na wengine yakiwabana, kwa sababu bohari lilitoa lilichokuwa nacho, kwa hiyo asihangaike kutafuta mkao mmoja ulio sahihi kihistoria. Atafute unaomwezesha kufanya kazi zake.

Mkazi wa Njombe

Nawashukuru sana wote. Dada fundi, umenitoa gizani: ni kweli nilianzia kwenye mfupa wa shingo. Na kaka wa Mbeya, mimi siendeshi pikipiki, natembea kwa miguu na kupanda magari ya abiria, ila upepo wa Uyole naufahamu na nakupa pole.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Nina jaketi la kaki ambalo nimelivaa kwa miaka sita na mabega yake hayajawahi kunisumbua. Nimelilaza mezani Jumamosi na tena jana jioni. Bega hadi bega limetoka 46 mara zote sita. Kwapa hadi kwapa limetoka 55 mara tano na 55 na nusu mara moja, mkono 62. Tofauti na saizi 40 ni sentimita moja ya kifua na moja ya mkono, na bega ni sawasawa kabisa, wakati saizi 42 linaniletea sentimita moja na nusu zaidi mabegani, yaani naanza tena safari ya lile jaketi la mpwa wangu. Nimeuliza duka na wamejibu kwamba ni mkato wa wakati wa vita, si ule wa mwaka 1988. Kwa sweta nzito nitavaa koti langu la zamani.

Linabaki jambo moja. Kuna mtu ameniambia kwamba jaketi la ngozi likibana kidogo unalilowesha maji ya moto na kulivaa hadi likauke mwilini, nalo hufuata umbo lako. Je, niwe na hiyo kama akiba, endapo ile sentimita moja ya kifua itanisumbua?

Fundi wa ngozi, Nairobi

Hapana, kaka. Maji ya moto yanaisinyaza ngozi, hayaitanui, na nimeletewa jaketi lililofanyiwa hivyo likiwa limekakamaa kama ganda la muwa, na bitana limekuwa refu kuliko ngozi yenyewe. Ngozi itakufuata kwa kuivaa. Livae nyumbani jioni kwa saa moja au mbili, ukunje viwiko, uketi nalo, na baada ya mwezi utaona lenyewe limejua mikono yako ilipo. Likinyeshewa, lining'inize kwenye hanga pana mahali penye hewa, mbali na jua na jiko. Usilitundike kwa kile kitanzi cha shingoni kwa muda mrefu, kwa sababu uzito wote unavuta mshono wa ukosi.

Sentimita moja ya kifua uliyoiona isikutishe, kwa kuwa jaketi la kaki ulilopimia umelivaa miaka sita na kitambaa kimeshalegea. Ila majaketi haya hukatwa na kushonwa moja moja, na mawili yenye lebo ya 40 yanaweza kutofautiana kwa sentimita nzima. Mwombe shemeji yako alilaze mezani siku ileile litakapomfikia, apime bega na kwapa, na akutumie picha tepu ikionekana, wakati bado yuko ndani ya siku za kulirudisha. Bega likisoma chini ya 45 na nusu au juu ya 46 na nusu, alirudishe bila kusita, hata kama mengine yote yamependeza.